Mafuta Ambayo Mbuzi Hakupakwa

Kwanza nimeze mate. Wiki nzima nimezunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, kwa sababu sehemu niliyofika leo sikutaka kuisimulia. Nakaa, nasimama. Nawasha jiko, nazima. Mhariri anasema wasomaji mnaulizia kilichotokea uani. Haya, shikeni, na mkimaliza kunisema mnirudishie heshima yangu itakayobaki.

Kwa anayenikuta njiani: naitwa Eliana. Nilikuwa na saluni pale Shelui, lori likafeli breki likaipitia, bahati yangu nilikuwa nimekwenda chooni. Mume wangu Gasto akanileta Misigiri kwa mama yake, mimi na binti yetu mchanga, Eliza. Hapo nikaanza kupika mafuta ya kupaka, alizeti ya shamba letu na nta ambayo Gasto anaifuata kwa wafuga nyuki wa Rungwa, huko ambako akiingia simu yake inakufa mpaka atoke.

Nikapata mnunuzi, Faith, mwenye duka la vipodozi Arusha. Wateja wake hawagusi kitu kilichojaribiwa kwa mnyama. Aliniuliza kwenye simu, "Eliana, kuna mnyama yeyote mnayemjaribia?" Nikajibu mbiombio, "Dada, sisi ni Walutheri!"

Akacheka, akanitumia kwa basi stika zenye picha ya sungura, nizibandike kwenye makopo. Wanawake wa Misigiri walipoziona wakakataa kununua. Walidhani ni mafuta ya sungura. Mmoja akauliza kama ukiyapaka unaongeza mbio.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Faith ameingia uani na gari bila taarifa, na mama mkwe anaelekea zizini, kidole kimejaa mafuta mapya.

Sasa sikilizeni.

Kile kidole nilikuwa nakijua. Kila nikipika sufuria mpya, mama mkwe anachovya kidole anakwenda kwa mbuzi. Nilikuwa naona kila mara, na haikunijia hata siku moja kwamba huko ndiko kujaribu kwenyewe. Mimi nilidhani kujaribu ni mambo ya maabara, watu wa makoti meupe na milango ya vioo. Nilielewa pale pale Faith alipofungua mlango wa gari.

"Shikamoo mama," Faith akasema, akiinama kidogo.

"Marahaba mwanangu, karibu nyumbani. Nisamehe sikupi mkono, una mafuta."

"Mafuta yetu hayo?"

"Ndiyo hayo, mapya. Yameganda jana."

"Sasa unakwenda nayo wapi huko kwa mbuzi?"

Nikaruka mimi. "Dawa ya kupe!" nikasema kwa sauti iliyowashtua kuku. "Mama anakwenda kumpaka mbuzi dawa ya kupe."

Mama mkwe akanitazama kwa huruma. Yeye uongo haujui. Akikutana nao anadhani umekosea tu, anakusaidia kurekebisha.

"Kupe wa wapi, Mama Eliza? Kupe si tulishawamaliza?" Akamgeukia mgeni, uso umemchangamka. "Mwanangu, hapa hakuna mafuta yanayotoka bila Sista kuyapitisha."

"Sista ni nani?"

"Yule pale."

Akamwonyesha mbuzi wetu mweusi mwenye kichwa cheupe. Tulimwita Sista kwa sababu ya kichwa hicho, anafanana na mtawa aliyevaa kitambaa.

"Nampaka nyuma ya sikio, kidole kimoja. Nakaa naye mpaka jua lipande. Asipojikuna, tunapaka na sisi. Akijikuna, tunamwaga yote. Kwa hiyo wauzie watu wako bila wasiwasi, mbuzi ameshathibitisha."

Alisema kama anayempa mgeni zawadi. Mimi nilitamani ardhi ya Misigiri inimeze pamoja na sufuria zangu.

Faith akashusha mkoba begani. "Mama, kila sufuria?"

"Kila sufuria. Hii ya leo bado. Ndiyo nilikuwa naelekea, ukaingia."

Faith hakupiga kelele. Angepiga ningepumua. Alinitazama tu, kisha akatazama makopo yangu yaliyopangwa kwenye benchi, kila moja na sungura wake.

Msomaji, kila kitu changu kilikuwa kinasimama juu ya benchi lile. Saluni imekwenda. Kama Faith angegeuza gari, ningebaki mke wa kulishwa kwenye nyumba ya mkwe, wa kuomba hata pesa ya kusuka nywele. Sikuzaliwa hivyo, na kukaa bila kazi kunaniumiza kuliko njaa.

Mama mkwe akaleta kigoda. Faith akakaa, akaanza kumweleza polepole, kwa heshima.

"Mama, nilipokuwa mdogo nilifuga sungura. Nikakua, nikajipodoa kama wenzangu. Siku moja nikaona kwenye simu jinsi sungura wanavyobanwa shingo, wanatiwa vitu machoni ili watu wajue kama vinawasha. Sungura hawezi kujifikicha. Anakaa tu na moto wake. Nilikwenda kabatini nikatoa vipodozi vyangu vyote. Tangu siku hiyo kama sijui kilivyopatikana, sipaki na siuzi. Wateja wangu wananifuata kwa hilo moja tu."

"Lo, wanawabana shingo?" Mama mkwe akashika shavu, akajipaka mafuta bila kujua, akayafuta kwa kanga. "Huo ni unyama. Mimi Sista simfungi. Akiwashwa, namwosha."

"Lakini hakukubali mama. Hakuulizwa."

"Ni kweli hakuulizwa." Akafikiri. "Na mtoto mchanga, mwanangu, yeye anaulizwa na nani?"

Mimi nikaona mazungumzo yanakwenda kubaya, nikamshika mgeni mkono. "Dada Faith, njoo nikuonyeshe jiko."

Nyuma ya jiko ndipo nilipofanya lile ambalo limenizungusha wiki nzima.

"Dada, nisamehe," nikanong'ona. "Nilitaka kukuficha, ni aibu ya familia. Mama hayuko sawa. Tangu baba mkwe afariki anachanganya mambo. Hakuna mbuzi anayepakwa chochote. Anakwenda tu zizini anaongea na wanyama, tunamwacha."

Ilitoka laini. Hata machozi yalikuja, na yalikuwa ya kweli, ya hofu.

Faith akaweka mkono kifuani. "Pole sana, Eliana. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo."

Aliniamini. Nikasikia mwili unalegea kwa raha. Nikageuka, na mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko na kibuyu cha maziwa mgando, kwa ajili ya mgeni.

Sijui alisikia kuanzia wapi. Alisikia ya kutosha. Macho yake yalinipitia kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Karibuni mnywe," akasema. "Yamepoa vizuri."

Akammiminia mgeni, akanimiminia na mimi. Nikayanywa. Msinishangae, nilikuwa nimeshaanza, sikujua pa kuishia.

Faith alipotaka kuondoka akafungua kopo moja la sufuria mpya, akanusa. "Mbona haya yana harufu tofauti? Umeongeza nini?"

"Maua ya alizeti," nikasema.

Alizeti haina harufu hiyo. Mtoto yeyote wa Misigiri anajua. Ukweli ni kwamba nta ilikuwa inanuka moshi, nami nilikuwa nimenunua Shelui chupa ya marashi isiyo na jina, kwa mchuuzi anayewauzia madereva wa malori.

"Nakukumbusha tu," Faith akasema. "Kila kinachoingia sufuriani lazima tujue kimetoka wapi. Unaweza usiguse mnyama hapa, kumbe aliyetengeneza hicho ulichonunua ndiye anayewabana shingo."

"Najua dada."

"Halafu ukitaka kujaribu, jaribu kwa mtu mzima anayekubali mwenyewe na anayejua anachopakwa. Hapa, ndani ya mkono." Akaugusa mkono wake. "Nalala Shelui. Kesho narudi kuchukua mzigo, na nitakurekodi ukipika. Wateja wangu wanapenda kuona."

Gari likaondoka. Nikabaki na mama mkwe na vumbi.

Nilimfuata zizini. Alikuwa anamkuna Sista kichwani na mkono alioufuta.

"Mama, nisamehe. Nilikosa la kusema."

"Ulipata la kusema."

"Mama, angegeuka! Ungependa nirudi kukaa bure?"

Akaanza kuongea na mbuzi, mimi nikiwa wa kusikiliza kwa pembeni.

"Kabla ya Gasto nilikuwa na Andrea. Gasto hakumkuta. Nilikuwa binti, nilitaka mtoto wangu ang'ae kama wa wengine. Nikanunua mafuta mnadani, kopo zuri lina picha ya mtoto mnono. Nikampaka mwili mzima. Akavimba, akatoka malengelenge, ngozi ikawa inabaki kwenye nguo. Hakupona. Mama yangu akaniambia, tangu leo chochote kipya aanze mbuzi. Gasto alikua hivyo. Dada zake walikua hivyo. Huyo Eliza anayeng'aa mgongoni kwa mama yake, unadhani nani alimtangulia?"

Hapo ningepiga magoti. Mtu mwenye akili angepiga magoti, akatupa na ile chupa ya marashi. Lakini mimi moyo wangu ulikuwa umeshawahi kesho, uko mbele ya simu ya Faith unarekodiwa. Nikasema kitu kibaya zaidi.

"Pole mama. Lakini hayo ni ya zamani. Sheria sasa ni mtu mzima anayekubali mwenyewe. Mbuzi hapana. Tafadhali, usimguse tena Sista na mafuta yangu."

"Mtu mzima anayekubali mwenyewe," akarudia.

"Ndiyo mama."

"Sawa."

Aliitikia kirahisi, nikafurahi. Mjinga hufurahi mapema.

Asubuhi niliamka kabla ya majogoo, nikafagia uani, nikafagia tena. Nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Nikambeba Eliza, nikamlaza kwenye mkeka, nikambeba tena. Kuni nimeshapanga, nta nimeshakata. Sista analia zizini, hajafunguliwa. Ndipo nikashtuka, kwa sababu kwa mama mkwe mbuzi halii mara mbili.

Nikagonga mlango wake. "Shikamoo mama."

Nikagonga tena.

"Mama? Shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. "Mfungulie Sista. Mimi leo napumzika."

Mwanamke huyu hapumziki. Alipougua malaria alipepeta mtama amekaa. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kitandani amejifunika kanga kichwani. Nikaivuta. Jamani.

Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umevimba mpaka jicho limefungika kabisa. Kope zilikuwa nyekundu, zinang'aa, na nyuma ya sikio ngozi imetoka malengelenge madogo madogo. Kando ya mto kulikuwa na kopo langu limefunguliwa, na sungura wake.

"Mama, umefanya nini!"

"Nimekubali mwenyewe," akasema. "Mimi si mtu mzima?"

"Alisema mkononi! Ndani ya mkono!"

"Mkono wangu?" Akaunyoosha. "Mkono huu umeshika jembe tangu sijaolewa. Mkono huu hausemi kitu. Mtoto anapakwa wapi, Mama Eliza? Usoni. Nikapaka penye ngozi laini kama yake, nyuma ya sikio na kwenye kope. Nikalala. Nikaamka hivi."

Nilikimbilia maji. Nikamwosha kwa kanga safi, yeye ananielekeza mimi, "polepole, usisugue." Harufu ya yale marashi ilikuwa imejaa chumba kizima. Ilinipanda puani na nikajua bila kuambiwa na mtu. Alizeti haimvimbishi mtu, wala nta. Ni mimi.

"Unaona?" nikamuuliza.

"Kwa hili moja naona. Hili lingine nasikia moto tu."

"Twende zahanati. Naita bodaboda sasa hivi."

Akanishika kifundo cha mkono. Mshiko wa jembe.

"Mgeni anakuja."

"Mama, ni jicho hili!"

"Nikipita barabarani hivi, kila mtu atauliza, na kabla mgeni hajafika hapa atakuwa ameambiwa. Mafuta yako yatakuwa yameisha. Ngoja achukue mzigo aende. Akiuliza, sema nimeng'atwa na nyuki. Kuna mizinga kwa jirani."

Nilimtazama. Yule niliyemwita mwenye kuchanganya mambo alikuwa ameshapanga uongo mzuri kuliko wangu wote, na ameupanga kwa ajili yangu, jicho likiwaka.

"Na mafuta yenyewe mama? Atayauza kwa watu."

"Hayo ya kwako," akasema. "Mimi nimekuonyesha tu yanafanyaje. Sista angekuonyesha bila wewe kunichafua, lakini hukumtaka."

Niliona aibu ambayo haina pa kukaa mwilini. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka. Nikampigia Gasto huko Rungwa, simu haipatikani. Nikayahamisha makopo ya sufuria mpya kutoka kwenye benchi nikayaficha chini ya gunia, kisha nikayarudisha, kwa sababu bila hayo mzigo ulikuwa haufiki nusu. Nikasema nitampa ya zamani tu. Nikasema nitamwambia ukweli. Nikasema nitamwambia akishalipia. Kila nililosema nililisema kwa miguu, nikizunguka uani, na sikuwa nimeamua hata moja gari liliposikika.

Faith alishuka na furaha. Alikuwa na kijiti cha kushikia simu na mkate wa kumletea mama.

"Mama yuko wapi? Nimefikiria habari zake njia nzima."

"Amelala," nikasema. "Nyuki walimvamia jana jioni. Amevimba kidogo."

"Maskini! Mmempeleka hospitali?"

"Tunakwenda ukishaondoka."

Uongo ulitoka kwenye ulimi wangu kama maji, wala haukugonga jino.

Akasimika simu yake kwenye kijiti, akaielekeza benchini. "Tuanze basi, nisiwacheleweshe. Wateja wangu, habari za leo! Niko Singida, Iramba, kwa Eliana. Hapa hakuna sungura aliyelia, hakuna mnyama aliyeguswa. Ni alizeti, nta na mikono ya akina mama." Akanigeukia. "Sivyo Eliana?"

"Ndivyo," nikasema.

Eliza alikuwa kwenye mkeka, anacheka na vidole vyake. Faith akamwona. "Jamani huyu mrembo! Huyu ndiye tangazo lenyewe!" Akamnyanyua, akambeba kiunoni. Akachukua kopo la karibu. Lilikuwa la sufuria mpya. Akalifungua kwa mkono mmoja, akachovya kidole.

"Hata mtoto anapakwa," akaiambia simu. "Tazameni."

Nataka niseme niliruka. Kila mama anayesoma hapa anasema yeye angeruka. Mimi nilisimama. Ilikuwa muda mfupi tu, mtu hawezi hata kupiga chafya, lakini ndani ya muda huo nilikuwa bado napima niseme nini ili mtoto asipakwe na mzigo nao usiharibike. Bado nilikuwa natafuta vyote viwili.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka.

Alipita mbele yangu bila kanga kichwani, na sura ile, akamtoa Eliza mikononi mwa mgeni, kidole kikiwa karibu na shavu. Hakumpokonya. Alimchukua kama bibi anavyochukua mjukuu.

"Mama!" Faith akashika mdomo kwa mkono mwingine. "Uso wako!"

"Nyuki," mama mkwe akasema.

"Nyuki wamekufanya hivi?"

"Ndiyo mwanangu. Wa hapa ni wakali." Akamkumbatia Eliza, akamgeuzia upande wa uso uliokuwa mzima. "Mtoto tusimpake leo, ana mafua. Ninyi endeleeni na kazi yenu."

Nilimtazama na nikataka kulia kwa sauti. Ningekuwa mimi ndiye niliyeitwa kichaa, nimepata nafasi hiyo mbele ya mgeni na simu inarekodi, ningesema yote mpaka na jina la mchuuzi. Yeye alikuja kumwokoa mtoto, akamwokoa, na mimi bado alikuwa ananifunika.

Faith alimgusa bega. "Pole sana mama. Kaa basi, usisimame juani." Akamsogezea kigoda. Akafuta machozi kidogo kwa mkono mwingine, maana ana moyo laini yule dada, akajitazama kwenye simu, akatabasamu.

"Haya, kama mtoto ana mafua, nitajipaka mwenyewe. Mimi ni mtu mzima na nimekubali!" Akacheka. "Wateja wangu mnajua ngozi yangu inavyosumbua hapa kwenye kope. Sasa mtaona."

Kidole bado kilikuwa na mafuta. Akafumba jicho moja, akainua mkono.

Amekubali, lakini hajui anachokubali. Kuna mtu mmoja tu uani pale aliyekuwa amejua mapema kilichomo kwenye kopo lile na bado akaliacha benchini, na huyo alikuwa mimi.

"Dada Faith," nikasema. "Shusha mkono."

Akafumbua jicho. Bado anatabasamu, anadhani nataka kumrekebisha nywele.

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Nikasikia vidole vya mama mkwe vinanifunga kifundo cha mkono kutoka pale alipokaa, vinabana mpaka mfupa, na sauti yake ikaniambia chini kwa chini, kwa Kinyiramba, ninyamaze.

"Eliana?" Faith akauliza, na simu ilikuwa inaendelea kurekodi. "Nishushe mkono kwa nini?"